Nimevaa bugaluu yangu ya ujana, binti yangu kaninunia

BARUA

Mwanangu mshauri, salaam. Mimi ni mama wa miaka 73. Safu yako huwa nasomewa na mjukuu wangu, siku nyingine naisoma mwenyewe nikikuza maandishi kwenye simu, na leo nimeona na mimi niandike maana jambo hili limenikaa kifuani na sina wa kumwambia, shoga zangu wakilisikia watacheka tu na wanangu ndio hao hao ninaowalalamikia. Nikikosea herufi nivumilie, hizi simu za kupapasa zinaandika zinachotaka zenyewe.

Iko hivi. Nina sanduku la bati ambalo nimehama nalo kila nyumba niliyowahi kukaa. Ndani mna nguo zangu za tangu usichana, sio zote, ni zile ambazo kila nikitaka kuzitoa mkono unakataa. Kuna kimini cha krimplini rangi ya chungwa chenye zipu ndefu mgongoni, kuna maksi, gauni refu la maua makubwa makubwa, bugaluu mbili, zile suruali pana chini, moja ya kahawia moja ya buluu, raizoni, vile viatu vya soli nene, wigi ambalo sasa hata mimi mwenyewe linanitisha, gagulo la lasi la kuvaa ndani ya gauni, na gauni langu la kazini la miaka ya 80 lile lenye mabega ya sponji, tulikuwa tukiyavaa mpaka mlangoni mtu unapita kiubavu. Marehemu baba watoto alikuwa akisema siku yangu ikifika tutazikwa mimi na sanduku, basi tunacheka.

Jioni wenzangu wakiwa kwenye televisheni na simu zao mimi nalifungua. Sifanyi kitu, naangalia tu, nakunjua nakunja. Wiki hizi nimekuwa nikiangalia pindo la bugaluu ya buluu kwa ndani, fundi alikunja kitambaa vidole vinne akashona kwa mkono, uzi wenyewe sio wa rangi moja na nguo nadhani alikuwa ameishiwa, na ukilifungua hilo pindo kidogo unaona buluu ile ya siku ya kwanza, imekoza, nje huku yote imeshapauka. Fundi yule tulikuwa tunampelekea ukurasa wa gazeti, anautazama weee, halafu anakuuliza hii ya kwenye picha haina mfuko, wewe unataka mfuko? Ukisema unataka anakuangalia kama umemharibia. Akiuliza chini tupanue kiasi gani, jibu ni moja, ifunike kiatu chote. Unatembea huku inafagia na mama yako mzazi anakwambia afadhali, mimi nilikuwa sijapata pa kuweka ufagio.

Sasa kilichotokea. Shoga yangu mmoja alitimiza miaka 75 watoto wake wakamfanyia sherehe. Nikajisemea leo navaa. Nikaitoa ile ya buluu, kiunoni ikakataa kata kata, nikafumua mshono wa nyuma maana nguo zetu zilikuwa zinaachiwa kitambaa cha akiba, nikaweka kipande cha lastiki nikafunika na blauzi ndefu, hakuna aliyejua. Nilipoingia wazee wenzangu walipiga vigelegele na mmoja akalia kabisa. Tukacheza. Mjukuu wangu ana miaka 22, ndiye aliyenisindikiza, akachukua video akaiweka kwenye status yake, wenzake wakaipenda wakaisambaza, mimi sikujua hata inaendaje.

Usiku binti yangu, mama wa huyo mjukuu, mimi naishi kwake, akaja chumbani na simu mkononi. Akasema mama hivi kweli, kwa umri huu? Watu wa kazini kwangu wananitumia video ya mama yangu anakata kiuno kwenye suruali. Halafu akaongeza neno ambalo ndilo limenifanya nikuandikie: baba angekuwepo usingevaa hivyo. Mwanangu, ile suruali kitambaa chake alikinunua baba yake mwenyewe! Nilishindwa kujibu. Tangu hapo ni salamu na chakula kiko mezani, basi. Baada ya siku kadhaa akaleta mfuko una magauni mapana marefu ya rangi nzito nzito, akasema hizi ndio za heshima yako mama, na lile sanduku tuangalie namna, linakula nafasi na kuna watu hawana nguo.

Mjukuu naye kwa upande wake anataka maksi na kimini akate, anasema bibi hizi sasa hivi ni dili, ni vinteji, atashona vitop na sketi auze mtandaoni na hela tugawane. Yaani mmoja anataka nigawe, mwingine anataka akate, na mimi ambaye ni mwenye mali nataka kuvaa.

Naudhika zaidi nikitazama wanachovaa wao. Siku hizi hakuna nguo, ni matambara, unafua mara tatu limeshapinda upande. Zetu zina miaka hamsini na zimesimama. Na tulijua kuvaa, tulikuwa tunavaa mtu anageuka, sio hawa wa suruali zilizochanika magotini wananunua tayari zimechanika.

Naomba uniambie, nivae au nifunge sanduku? Au uzee umenichanganya na wanangu wananionea haya kunisema? Na mjukuu ana mahafali yake karibuni, nilikuwa nimepanga kwenda na ile bugaluu ya kahawia na raizoni zangu. Niende nazo?

Ni mimi mama wa sanduku.

JIBU

Shikamoo mama. Barua yako nimeisoma nikacheka, nikairudia sikucheka tena.

Nianze na hilo la kuchanganyikiwa tulimalize. Mtu aliyechanganyikiwa hafumui mshono wa nyuma, akakumbuka kuna kitambaa cha akiba, akatia lastiki na akapata blauzi ya kuficha kazi yote. Huo ulikuwa mpango, na ulifanikiwa. Kwa hiyo hilo liweke pembeni, mimi silioni.

Ninachokiona ni mama mwenye nguo zilizobeba ujana wake, mwenye furaha ya jioni moja, na maneno ya usiku ule ule yaliyoifuta. Na katikati watu watatu wa nyumba moja wanalitazama sanduku moja kila mtu na jicho lake. Wewe umeniuliza kuhusu nguo, nivae au nifunge. Mimi mama nimebaki kwenye ile sentensi ya baba angekuwepo.

Hebu tuihesabu hii miaka pamoja. Binti yako ana mtoto wa miaka 22, tuseme yeye mwenyewe yuko kwenye arobaini na kitu. Bugaluu zilikuwa moto miaka ya 70. Maana yake suruali hiyo inamzidi umri, au ilikuwa imeshaingia sandukuni wakati yeye anajifunza kutembea. Mama anayemjua yeye ni yupi? Nadhani ni yule wa gauni la mabega ya sponji, anayetoka asubuhi kwenda kazini na kurudi jioni anauliza nani hajafanya kazi zake. Msichana aliyekuwa anabishana na fundi juu ya mfuko hajawahi kukutana naye hata siku moja. Halafu ghafla anatumiwa na watu baki, kwenye simu, akiwa kazini. Mimi nisingeshangaa akishtuka, na mtu akishtuka neno la kwanza linalokuja mdomoni si lazima liwe ndilo analolimaanisha.

Na hilo la kitambaa, je anajua? Umeniambia mimi nisiyekujua kwamba alikinunua baba yake. Yeye hukumwambia, ulishindwa kujibu, na nakuelewa kabisa kwanini. Lakini inawezekana mpaka leo anaamini alikuwa anamtetea baba yake, kumbe suruali yenyewe ni mkono wa baba yake. Inawezekana pia hakuwa anazungumzia suruali hata kidogo, alimkumbuka tu baba akiona mama anacheza peke yake. Au inawezekana ni aibu ya kawaida ya mtu mzima mbele ya wafanyakazi wenzake na hakuna zaidi ya hapo. Siwezi kujua mama, nakupa mlango wa kuulizia tu.

Kuna la video pia ambalo umelipita haraka haraka. Umesema hukujua hata inaendaje. Kwa hiyo wewe hukuombwa ruhusa, na binti yako hakuwahi kuiona kabla ya wenzake. Mjukuu alifanya kwa mapenzi, halina ubishi, ila ugomvi umekuangukia wewe na bugaluu yako wakati uliopeleka mambo kazini kwa binti yako ulikuwa ni ule mkono ulioshika simu. Ingekuwa umecheza, umerudi, umemsimulia mwenyewe mezani, angekununia? Labda. Mimi nina mashaka.

Sasa niruhusu nikuchokoze kidogo kwenye lile la nguo za siku hizi. Kusema zetu zilikuwa imara ni kweli nusu. Zilizoko sandukuni ndizo zilizobaki, zile zilizochanika, zilizochuja na zilizobana kwapa ukazitupa huzikumbuki tena, kwa hiyo sanduku linakupa ushahidi wa upande mmoja. Na krimplini mama, tuseme ukweli, haikunji, haitaki pasi, inadumu maana ni poliesta tupu, lakini haifyonzi jasho, nani alicheza nayo muziki akatoka mkavu? Nilichokubaliana nawe moja kwa moja ni lile pindo la vidole vinne. Nguo ya kupimwa ilikuwa inashonwa ikijua mwenye nayo atanenepa, atarefuka, ataipitisha kwa mdogo wake, ndio maana ikaachiwa akiba. Nguo za kiwandani hazimjui mtu, zinapunguziwa kitambaa mpaka ukingoni mwa uzi.

Na hilo la kujua kuvaa... mama yako mwenyewe alisemaje kuhusu kimini? Maana la ufagio umeshatuambia. Vimini vilipotoka katikati ya miaka ya 60, kwa wabunifu wa mitindo Mary Quant kule London na André Courrèges kule Paris, wazee dunia nzima walisema yale yale unayoyasema wewe leo kwa suruali za magoti wazi, tena kwa ukali zaidi. Kuna mahali ilifika ngazi ya serikali na vyama. Tanzania Umoja wa Vijana wa TANU, chama kilichokuwa kikitawala, ulitangaza Operesheni Vijana mwaka 1968, na kuanzia Januari 1969 vimini, wigi na suruali za kubana vikapigwa marufuku, wasichana walikuwa wanavamiwa njiani kwa sababu ya urefu wa sketi. Malawi wakati wa Rais Banda mwanamke kuvaa suruali lilikuwa kosa la kisheria mpaka miaka ya 90. Huwa nikisoma habari hizo nawaza kuna mabinti wa rika lako waliovaa hizo nguo kwa roho ngumu kuliko tunavyodhani sisi tunaoangalia picha. Hata raizoni, hamkuzibuni ninyi, fundi viatu wa Italia Salvatore Ferragamo alishatengeneza kiatu cha soli nene ya rangi za upinde wa mvua mwaka 1938, nadhani na huyo aliyekivaa kuna mtu alimwambia utavunjika mguu. Sikwambii haya kukunyamazisha. Ni kwamba mjukuu anayekaa na wewe ndiye mwenye hamu ya hizo hadithi, na ukianza na "ninyi hamjui kuvaa" atafunga masikio kabla hujafika kwa fundi.

Tuje kwenye kuvaa. Ukiamua kuvaa, vaa, mwili ni wako na suruali ni yako. Hatari yake unaishi kwa binti yako na mnapishana koridoni kila siku, ukitoka na bugaluu bila neno lolote kati yenu anaweza kuichukua kama jibu la ugomvi, na wewe utakuwa umevaa ugomvi badala ya nguo. Unaweza kuvaa kwa shoga zako tu, wenye kuelewa, kimya kimya. Hiyo ni rahisi lakini niambie, ukishaanza kubeba suruali kwenye mfuko na kubadilishia huko mbele, kwa miaka 73, hutajisikia umerudi kuwa binti anayemkimbia mama yake? Pengine itakuchekesha. Pengine itakuuma.

Kulifunga sanduku nako kunawezekana. Kuna watu wamefunga na wakapata amani. Ila ukilifunga kwa kununa utakuwa unalifungua kila jioni kichwani, na magauni yale mapana ya rangi nzito utayachukia hata kama hayana kosa. Kuhusu hayo magauni naomba jambo dogo, binti yako alikwenda dukani, alichagua, alilipa. Neno la heshima yako lilikuchoma, najua, lakini mtu asiyekujali haendi kutafuta saizi yako. Inawezekana ndiyo namna yake ya kuomba radhi, mbovu, ila ni namna. Sijasema uyavae.

Ya mjukuu ndiyo magumu kwangu. Moyo wangu umeegemea kwake maana yeye ndiye pekee aliyesema hizi nguo ni nzuri, na nguo iliyokatwa ikavaliwa iko hai kuliko iliyokunjwa. Lakini mkasi haurudi nyuma. Kabla hajakata hata moja, mwambie akushonee jaribio kwa kitambaa kingine uone mkono wake. Na kuuza ni kitu kingine kabisa na kukata. Je, uko tayari siku moja kukutana na maua ya maksi lako kifuani kwa mtu usiyemjua? Wapo wanaofurahi, nimewahi kuandikiwa na mmoja aliyefurahi. Wapo wanaolala na homa. Jiulize kwa kila nguo peke yake, usijibu kwa sanduku zima, kwa sababu nahisi wigi na bugaluu ya buluu havina uzito mmoja kwako. Lile wigi linalokutisha mpe hata leo.

Kama ungekuwa mama yangu (na wangu nilishamkosa kumuuliza mengi ya namna hii) ningekuomba umwite binti yako siku ambayo hana haraka, mjukuu asiwepo, na usianze na bugaluu. Anza na gauni la mabega. Hilo analikumbuka, huenda aliwahi hata kulijaribu ukiwa hupo akaburuza mabega sebuleni. Muulize analikumbuka vipi. Unaweza kusikia kitu ambacho hukukitegemea, labda yeye kwake gauni lile ni mama anayeondoka. Ukishasikiliza ndipo uitoe ya buluu, umwonyeshe lile pindo kwa ndani, umwambie kitambaa kilinunuliwa na nani na siku gani. Usimwambie "kwa hiyo ulikosea". Mwambie tu halafu mwache. Hatari ipo, anaweza kusema mama nimechoka tutaongea kesho na kesho isifike, au akalia, au akaangalia simu. Anaweza pia akaendelea kuamini kwamba mama wa umri wako havai suruali ya kucheza, na ana haki ya kuwa na maoni yake kama ulivyo nayo ya magoti yaliyochanika. Mnaweza kuishi nyumba moja na maoni mawili. Cha kuangalia ni lile la baba angekuwepo lisibaki limening'inia, hilo likikaa mwaka mzima litakuwa gumu kulishusha.

Na kwa mjukuu, picha za wewe ni zako. Mwambie bila ukali, ukinichukua niulize kabla hujapandisha. Atakuelewa kuliko unavyodhani, kizazi chao wenyewe wanaombana ruhusa siku hizi.

Binti yako amesema sanduku linakula nafasi, basi kama litabaki nikupe ya nyumbani kidogo. Nguo za pamba na gagulo la lasi usizifunge kwenye mfuko wa plastiki, unyevu unabaki ndani zinapata madoa ya manjano, zifunge kwa shuka la pamba lililofuliwa na kukauka vizuri, na ubadilishe mkunjo mara kwa mara maana kitambaa huchanikia pale pale kilipokunjwa. Krimplini haina shida, nondo wanakula sufu na hariri, poliesta hawaitaki, kwa hiyo vile vidonge vyenye harufu kali huko kwenye krimplini unajisumbua bure. Mabega ya sponji yatoe ukayaweke pembeni au uyatupe. Sponji ya zamani hugeuka unga unaonata, na ukishaingia kwenye gauni hautoki.

Mahafali ni ya mjukuu, muulize yeye anataka bibi aje vipi, na mwambie mama yake mapema ili safari hii asipate habari kwenye simu. Bugaluu ya kahawia sioni ubaya wake, ila ya kuamua ni wewe. Raizoni ndizo zinazonitia wasiwasi na hapa sizungumzii heshima, nazungumzia magoti. Soli za zamani kama ni za povu huoza zikiwa zimekaa tu, kwa nje zinaonekana nzima, unakanyaga hatua kumi zinameguka vipande vipande chini yako. Zitoe sasa hivi uzibonyeze kwa kidole gumba pembeni mwa kisigino. Kikizama au ukiona chenga, ziache nyumbani, vaa kiatu kingine kigumu, bugaluu si itakifunika chote.